Mwaka wa Masale

Tito alirudi juma lililopita, wakati wa chai, bila kupiga simu. Nilikuwa nimekaa kizingitini nachambua mboga ya mnavu nikasikia gari linahangaika kwenye kona ya kanisa, likanyamaza, halafu mtu mwenye upara akaingia uani kwangu anaita "Bibi!" kwa sauti ninayoijua. Nikamtazama. "Upara huo umeutoa wapi?" Akasema, "Shikamoo kwanza, bibi." "Marahaba. Upara umeutoa wapi?" Akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Nyuma yake akatokea Nuru, amenenepa vizuri, kashika mkate wa kununua Lushoto kama vile kwangu hakuna chakula. Walikuwa na mkutano wa chuo pale mjini, wakaona hawawezi kufika Lushoto halafu wateremke Mombo bila kupanda huku kwetu Malindi ya milimani. Nikawaambia waingie ndani, nje baridi. Hawakuingia. Hawakuja kwa ajili ya chai. Walikuja kutazama masale.

Watu wakiandika maisha yao huanza na babu, wakaja kwa baba, na ukifika pale walipozaliwa wenyewe umeshachoka kusoma. Mimi hayo nayaruka. Nataka kuandika mwaka mmoja tu, nao si wa ujana wangu. Ujana wangu ulikuwa wa kubeba: kuni, maji, karoti, watoto. Mwaka ninaousema ulinikuta nimeshaitwa bibi, magoti yananung'unika, mume nimeshamzika, nami naamini kwamba yote niliyopaswa kuyajua nimeshayajua. Hapo ndipo nilipoletewa wageni.

Aliyewaleta ni Mzee Athumani, mwenyekiti wetu wa kitongoji. Alibisha hodi asubuhi moja, nyuma yake wamesimama vijana wanne wenye mizigo, wamejikunyata kwa baridi kama kuku walionyeshewa. "Mama Eliya, hawa ni watu wa chuo kikuu. Wanachunguza msitu. Wanataka pa kulala mwaka mzima." Nikawauliza, "Msitu umewakosea nini?" Wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nauliza. Nilikuwa na vyumba viwili vya nyuma walivyokuwa wakilala wanangu kabla hawajateremka kutafuta maisha, na ndani yake nilikuwa naweka vitunguu. Nikavitoa vitunguu. Harufu haikutoka, na hadi leo Nuru anasema akikata kitunguu popote alipo anamkumbuka bibi yake wa Malindi. Nikawapa masharti: viatu mlangoni, sala kabla ya chakula, atakayechelewa kula atakula kilichopoa, na hakuna mtu wa kugusa sufuria zangu. Sharti hilo la mwisho lilivunjwa kabla juma halijaisha.

Aliyelivunja ni Rehema, msichana wa kemia. Yeye kazi yake ilikuwa kuchemsha majani na magome apate mafuta yake, ajue ndani mna nini. Vyombo vyake vya kioo vilipasuka njiani kwenye zile kona za Soni, akachukua sufuria yangu ya maziwa akachemshia gome la mkulo, ule mti wa msituni unaonuka kafuri. Nyumba nzima tulikunywa chai yenye harufu ya dawa ya kuchua mpaka nikanunua sufuria nyingine. Wa pili alikuwa Elisha, wa fizikia, mrefu, kimya, aliyefunga nyavu juu kwenye ukingo wa mlima kama za kuchezea mpira wa wavu. Akaniambia anavua ukungu. Anataka kujua upepo na baridi vinafanyaje hata maji yakang'ang'ania uzi mmoja yakauacha mwingine. Nikamwambia, "Mwanangu, ukungu wa hapa hauvuliwi, unakufuata wenyewe mpaka kitandani." Akalichukua kama jambo la maana, akaomba aweke kipimo chumbani. Wa tatu ndiye Tito. Tito alisomea mimea, kwao Mtwara, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja: hakuweza kutupa kitu chochote kilicho hai. Nikikata sukuma wiki, yeye huokota mashina akayachomeka kwenye makopo. Alipanda kokwa la parachichi kwenye kikombe cha Elisha. Majani aliyoyataka kuyakausha aliyalaza katikati ya magazeti akayawekea gunia langu la maharage juu, na mimi kila nikitaka kupika ilinibidi niombe ruhusa ya majani. Wa nne ni Nuru, na kazi ya Nuru nilichelewa kuielewa.

Tulikula jikoni, kwa sababu ndiko kwenye moto. Nilikuwa napakua makande, mnavu pembeni, nao wanakaa kwenye vigoda na mabenchi magoti yamegusana, wanasimuliana kazi za siku. Niliwasikiliza kwa mgongo, mikono yangu iko kwenye chungu. Siku moja Elisha akasema upepo umechana nyavu na vipimo vya mwezi mzima vimekwenda na maji. Rehema akamuuliza, "Sasa inakuwaje?" Elisha akatafuna, akameza, akasema, "Sijui." Basi wote wanne wakaangua kicheko, na Tito akampigia makofi. Nikageuka na mwiko mkononi. Mimi shule niliishia darasa la nne, na darasani kwetu ukisema sijui ulinyoosha mkono ukachapwa. Ukubwani ni hivyo hivyo: mama wa nyumba hasemi sijui, maana akisema, watoto watalala bila kula na ndugu wa mume watachukua shamba. Nilikuwa na miaka mingi sijalitamka neno hilo. Na hawa watoto wa watu, waliosoma mpaka macho yakadai miwani, wanalitamka na chakula mdomoni, wanalishangilia. Nikawaambia waache kuchezea chakula.

Kazi ya Nuru ilijulikana jioni ya mifupa. Elisha alimchokoza asimulie alichofanya kabla ya kuja huku, naye akaanza kueleza jinsi mtu anavyokutwa amefariki, hajulikani ni nani, halafu wao wanachukua kipande cha mfupa... "Nuru!" nikasema. "Hapa tunakula." "Samahani, bibi." "Ni mfupa gani lakini?" nikauliza, na jiko zima likacheka, maana niliuliza nikiwa nimekaa chini tayari. Akanieleza taratibu. Ndani ya kila mtu, akasema, kuna maandishi madogo yasiyoonekana, yanaitwa vinasaba, nusu umepewa na mama na nusu na baba. Mtu akikataa mtoto, maandishi yale hayakatai. Hata mti unayo. Alikuja huku ili ukikamatwa ubao wa wizi wa mkulo barabarani aweze kuulinganisha na kisiki kilichobaki msituni, aseme umetoka hapa, au haukutoka hapa. Nikamwuliza, "Na sale?" "Sale gani, bibi?" "Masale. Haya ya mipakani. Ukipewa jani unaweza kusema limezaliwa na lipi?" Nuru akamtazama Tito. Tito akafungua mdomo. Mimi nikaweka mwiko chini.

Inabidi nieleze jambo la bondeni. Chini ya nyumba yangu kuna mfereji wa maji, na kando ya mfereji kuna kipande cha ardhi kisichozidi ua mkubwa, lakini udongo wake ukipanda karoti leo unazisikia zikinenepa. Upande wa pili, kwenye mteremko wa ng'ambo, ni kwa Mama Hadija. Kwetu huku mpaka ni masale. Mti mwembamba, majani marefu, haufi kwa jua wala baridi. Sale likishapandwa kwenye mstari haling'olewi na aliyelipanda wala na jirani yake, mpaka wazee waje. Sasa mwaka mmoja ilinyesha mvua iliyoporomosha kilima. Tope lilishuka na migomba, na mawe, na mpaka wetu. Niliporudi nyumbani baadaye kuangalia, masale yalikuwa yamesimama mahali pengine kabisa, chini, karibu na mfereji, na kipande chote kizuri kimebaki upande wa Mama Hadija. Mimi nikasema masale yale ni yangu, ya mama mkwe wangu, tope limeyahamisha, yarudishwe juu yalikokuwa. Yeye akasema ya zamani yalisombwa yote, na haya yaliyosimama mume wake marehemu aliyachomeka upya palepale pa zamani, siku zile mimi niko Lushoto hospitalini namuuguza mume wangu. Mume wake hayupo wa kuulizwa. Wangu hayupo. Tukapelekana kwa mwenyekiti, tukapelekana baraza la kata, na kipande kikapigwa marufuku asilime mtu mpaka ijulikane. Magugu yakanenepa badala ya karoti.

Kilichouma zaidi sikukisema mbele ya baraza. Mimi na Mama Hadija tuliolewa hapa karibu wakati mmoja. Sikukuu zake sahani ilitoka kwake, ya Krismasi ilitoka kwangu. Idi ya mwisho kabla ya ugomvi aliniletea pilau katika sahani yenye maua ya bluu, na sahani hiyo ikabaki kabatini kwangu. Kuirudisha tupu sikuweza. Kuirudisha na kitu sikutaka. Kila nikifungua kabati, ile pale, inanitazama.

Basi nikamwambia Nuru mpango wangu. Kwenye kaburi la mama mkwe kuna masale aliyoyaleta yeye mwenyewe siku za kuolewa. Uani kwa Mama Hadija kuna masale ya kwao. Achukue majani ya huku, ya kule, na ya bondeni. Kama ya bondeni ni ndugu wa ya kaburini, basi ni yangu yaliyoshushwa na tope. Kama ni ndugu wa ya uani kwake, mumewe ndiye aliyeyachomeka. Nuru akasema, "Bibi, inaweza kutoka bila jibu." Tito akasema, "Bibi, masale hayapandwi kwa mbegu, ndiyo shida ya..." Nikamkata. "Mmekula makande yangu tangu masika. Mtapima au hampimi?" Wakasema watapima. Mzee Athumani akaenda kumwuliza Mama Hadija. Jibu likarudi vilevile alivyolitamka: "Apime. Apime na ulimi wa Mama Eliya ajue umetoka wapi."

Siku ya kuchukua majani watu walijaa kama kwenye harusi. Nuru alivaa glavu, akakata kipande cha jani, akafuta mkasi kwa spiriti, akatia jani kwenye mfuko wenye punje za kukaushia, ngumu kama chumvi ya mawe. Mama Hadija alimfuata nyuma hatua kwa hatua. "Mkasi umeufuta vizuri, mwanangu? Usije ukachanganya la heshima na la yule." Nikasema kwa sauti, nikiuambia mgomba, "Wengine wana masale ya heshima lakini sahani zao wanaziacha kwa watu." Mzee Athumani akakohoa. Nuru alichukua pia jani kwenye njia ya kanisani na lingine nyuma ya msikiti, akasema ni ya kulinganishia. Tito yeye alitaka vilele vizima vya kukausha kwenye magazeti yake. Mzee akamruhusu: kilele kitachipua tena, lakini shina lisitikiswe. Wakamaliza, Nuru akashuka na basi la Mombo na mifuko yake kifuani, kupeleka chuoni.

Kesho yake alfajiri nilishuka kufungulia maji. Ukungu ulikuwa mzito, naona kiganja tu. Nikafika bondeni, nikakanyaga magugu yaliyolala, nikainama. Katikati ya kipande kilichopigwa marufuku, kuanzia kwenye mfereji mpaka kwenye mti wa mapea, umesimama mstari wa masale. Mapya. Yamenyooka kama yamepimwa kwa kamba, isipokuwa yamepinda mahali pamoja kulizunguka jiwe. Nilipiga kelele ambayo sijui ilitoka wapi, na kutoka ndani ya ukungu ikanijibu kelele nyingine. Mama Hadija alikuwa amesimama upande wa pili, jembe begani.

"Mama Eliya! Umeota mapembe!"

"Mapembe yangu? Wewe hukungoja hata majani yafike chuoni!"

"Mimi? Mimi na mgongo huu niiname nichomeke masale?"

"Mgongo wako kwenye ngoma mbona haukuumi!"

"Kumbe unaniangalia nikicheza! Na sahani yangu unirudishie!"

"Sahani yako ipo kabatini, safi, njoo uichukue kama una miguu!"

Tulipaza sauti mpaka ukungu ukaanza kupanda na watu wakaonekana ukingoni, wengine na vikombe vya chai mkononi. Tulianza kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni, tukaishia kwa Kishambaa kwa ajili yetu. Mzee Athumani akateremka anafunga koti. Na katikati ya hayo yote akaja Tito, mswaki mdomoni, kandambili zangu miguuni, anatabasamu. Akatema povu pembeni kwa adabu. "Shikamooni. Haya ni yangu."

Mzee Athumani akasema, "Yako kivipi?"

"Vijiti vilibaki, mzee, baada ya kuchukua majani. Nikaona nikivitupa vitakufa. Nikavichomeka jana jioni vitoe mizizi, halafu nivichimbue nipeleke chuoni. Nilichagua hapa kwa sababu hapalimwi. Sikutaka kumsumbua mtu."

"Na mstari?"

"Tunafundishwa kupanda kwa mstari."

Nikasikia kitu kama nguo inayochanika. Ni Mama Hadija. Alikuwa amejishika tumbo, jembe limeanguka, anacheka bila sauti, machozi yanamtoka. Nilikaza uso. Mimi ni mtu wa kukaza uso, kila mtu anajua. Lakini nilipomtazama Tito, na kandambili zangu zile za maua, na povu kwenye kidevu, na mpaka wake ulionyooka kuliko wowote kitongoji kizima, nilikaa chini kwenye magugu nikacheka mpaka kilemba kikaanguka. Kijana alizungumza nasi miezi yote habari za mipaka na masale, akaelewa kila neno, na bado alipoyashika mkononi hakuona mpaka. Aliona vijiti vinavyoweza kupona.

Akainama avitoe. Kitongoji kizima kikasema, "Weeee!" Mzee Athumani akamshika mkono. Limeshapandwa, akasema, na sale ni sale, hata likipandwa na mjinga. Hakuna wa kuling'oa mpaka majibu yaje na wazee wakae. Tito akaomba radhi, akauliza kama anaruhusiwa kumwagilia. Akaambiwa hata hilo hapana.

Majibu yalichukua msimu mzima. Na hapo ndipo ilipoanzia furaha ambayo sikuipanga. Kila asubuhi nilishuka kuangalia kama Mama Hadija hajasogeza masale ya Tito, na kila asubuhi yeye alishuka kuangalia kama mimi sijayasogeza. Siku za kwanza tulisimama kila mtu upande wake kama askari. Halafu akasema, hakusema nami, alisema na hewa, "Lile la tatu limeanza kutoa jani." Nikasema na hewa vilevile, "La mwisho litakufa." "Halifi." "Litakufa." Halikufa. Asubuhi nyingine nikachelewa kwa ajili ya magoti, nilipofika akanisalimu kwa Kishambaa kabla hajafikiri, "Onga maundo," akafunika mdomo kwa kanga, lakini salamu imeshatoka, nami nilishaiitikia. Baada ya hapo tukaanza kuulizana bei ya kabichi Soni. Baadaye nikamsimulia chai ya gome la mkulo, naye akaniambia mjukuu wake amekataa uji. Wajukuu wakaanza kutuletea vigoda. Rehema akaniuliza siku moja kwa nini naamka mapema hivyo. Nikamwambia nalinda mpaka. "Na Mama Hadija?" "Naye analinda." Akasema, "Mnalindana vizuri, bibi." Nikamtuma kuni.

Nuru alirudi mwishoni mwa kipupwe. Hakutaka kuniambia lolote kabla, alisema pande zote mbili zisikie pamoja, na nilimheshimu kwa hilo, ingawa nilimnyima maziwa kwenye chai. Tukakaa bondeni, wazee kwenye mabenchi, mimi na Mama Hadija tumetazamana, masale ya Tito katikati yetu yamefika magotini. Nuru akasimama. Akasema amepima ya kaburini, amepima ya uani kwa Mama Hadija, amepima ya bondeni, na amerudia. "Yote ni mti mmoja."

Mzee Athumani akasema, "Ni ndugu?"

"Hapana, mzee. Si ndugu wala mama na mtoto. Ni mti uleule. Ukivunja kijiti ukakichomeka, hakizaliwi kingine, ni mti uleule umesimama mahali pengine. Hata la kanisani. Hata la nyuma ya msikiti. Mtu wa kwanza alikuwa na sale moja, akampa jirani, jirani akampa jirani. Kwa vinasaba siwezi kusema ya bondeni yalitoka kwa nani. Sijui."

Elisha naye aliulizwa kama udongo unaweza kusema tope lilisogea umbali gani. Akasema mteremko umelimwa na kufukuliwa mara nyingi tangu mvua ile, akikisia atadanganya. Sijui, akasema. Basi Mzee Athumani akanigeukia mimi. "Mama Eliya. Tumerudi tulipoanzia. Wewe unasema mpaka wa zamani ulipita wapi hasa?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo miaka yote, nimelisema mbele ya baraza la kata bila kupepesa. Nikatazama kilima. Jiwe nililokuwa nalitaja halikuwepo, lilishuka na tope. Mgomba niliokuwa nautaja haukuwepo. Nikajaribu kumwona mama mkwe wangu ameinama pale analima, nikamwona, lakini sikuona ameinama wapi. Na nilimfikiria mwanamke yule aliyekuwa mkali kuliko mimi, anavunja kijiti cha sale lake anamkabidhi mama mkwe wa Mama Hadija, au anakipokea kutoka kwake, wamesimama hapahapa. Nuru alikuwa ananitazama. Nikasema, "Sijui."

Nilingoja kuchapwa. Hakuna kilichotokea. Ndege waliendelea na kelele zao. Kisha Mama Hadija akasema, polepole, "Na mimi sijui. Marehemu mume wangu ndiye aliyechomeka, mimi nilikuwa ndani nalala na watoto, nilimwamini." Akapangusa pua. "Mwenyekiti, mimi naona hivi. Hapa kuna mpaka mmoja tu ambao tunajua aliyeupanda ni nani, na tunajua hakuwa na upande. Acheni huu wa kijana."

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema haijawahi kutokea. Mwingine akasema hata mvua ile haikuwahi kutokea. Wakauliza kama mimi nakubali. Nikautazama mstari. Ulinipa mfereji, ukampa yeye udongo mzuri zaidi. Yeye atahitaji maji yangu, na mimi nitataka karoti zake. Nikaona maisha yote yaliyobaki tutakuwa tunaombana. "Nakubali," nikasema, "lakini pale penye jiwe amepindisha." Tito, kutoka nyuma, akasema, "Nilishindwa kulichimba, bibi." Na ndivyo mpaka wetu ulivyo hadi leo, umenyooka na umepinda penye jiwe.

Jioni ile nilipika ndizi kwa nyama, nikafungua kabati, nikaijaza sahani ya maua ya bluu mpaka ukingoni, nikaifunika kitambaa, nikavuka kwa miguu yangu mwenyewe. Mama Hadija aliipokea mlangoni, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa taa. "Hukuivunja," akasema. "Ningeivunja ungenipeleka baraza," nikamjibu. Wageni wangu wanne walikula makande yaliyopoa siku hiyo, kwa sababu waliacha chakula wakanifuata hadi nusu ya njia kuchungulia, kama wanaotazama mpira.

Mwaka wao ulipoisha waliondoka, kila mtu na mizigo yake ya majani na vichupa. Elisha aliniachia wavu mmoja, naanikia mboga. Sikuwaambia kwamba nitawakosa, nao hawakutegemea niseme. Lakini tangu mwaka ule wajukuu wangu wakiniuliza jambo nisilolijua, nawaambia sijui, tukaulize, na nimeona hakuna aliyelala njaa kwa ajili hiyo. Nimejifunza jambo hilo uzeeni, jikoni kwangu, kutoka kwa watu waliovunja masharti yangu yote.

Sasa juma lililopita Tito na upara wake aliteremka bondeni, mimi nyuma na fimbo, Nuru kanishika mkono. Masale yamemzidi kimo. Aliyagusa moja moja, nami nilimwacha. Mama Hadija alikuwa upande wake anachimba karoti, akainuka, akamtazama, akasema, "Kumbe na wewe umezeeka!" Wakacheka. Tito akasema amenunua kiwanja kwao Mtwara, hakina hata mti, na angependa kijiti kimoja tu akakipande huko, kama sisi wawili tunaruhusu. Nikamwangalia Mama Hadija. Mama Hadija akaniangalia. Akavunja tawi dogo lililochipua pembeni, akalipangusa udongo kwa kanga yake, akanipitishia mimi juu ya mpaka, nami nikamkabidhi Tito.

"Lifunge kwenye mfuko," Mama Hadija akamwambia, "na usilichomeke popote mpaka uvuke Mombo."